Kwa nini mvua ya jioni huamsha hamu ya vyakula vya barabarani hasa ukiwa huna pesa?

#1 Kijana wa Nyalenda

Wadau hamjambo. Nina swali limenikaa kichwani na ningependa tulijadili kwa uzito. Mchana kutwa napita mbele ya smoki (zile soseji za moshi), mayai, viazi karai (viazi vilivyopakwa unga na kukaangwa) na mahindi choma bila kugeuza shingo. Lakini mvua ikishuka jioni, nikiwa nimejibanza kwenye veranda pale Kondele, Kisumu, nikingoja ipungue, mfukoni mna nauli na sarafu chache tu, hapo ndipo mate hunijaa mdomoni. Mwisho wa mwezi nikiwa na pesa, mvua ni ile ile na veranda ni ile ile, lakini hamu hainishiki hivyo.

Dai langu ni kwamba ukosefu wa pesa ndio unaoleta hamu, mvua inasingiziwa tu. Aliye na maelezo mengine ayalete. Na la pili: umeweka nauli kando, umebaki na sh. 70. Utakula nini kikufikishe asubuhi?

#2 Mla Chapo

Naanza na la pili. Chapati mbili za sh. 20 na maharagwe ya sh. 30. Umemaliza 70 yako na utalala usingizi mzito. Smoki ni ya kuchezea ulimi, haijazi tumbo la mtu mzima.

#3 Mwana Bondeni

Salamu kutoka Nakuru. Watu wa Kisumu mnanishangaza, ile nayo mnaiita baridi? Sisi tuko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, nyinyi hamfiki hata 1,200. Njoo Nakuru mwezi wa saba, mvua ikupige kutoka mjini hadi Kaptembwo, ndipo utajua mwili unataka nini. Unataka moto na mafuta. Jioni kama hizo watu huzunguka jiko la mutura (utumbo uliojazwa nyama na damu) kabla hata utumbo haujaanza kutoa mafuta. Mwili unatafuta joto, basi. Sioni fumbo hapo.

#4 Kijana wa Nyalenda

@Mwana Bondeni asante, lakini hujanijibu. Baridi haijui tarehe. Kama ni baridi, kwa nini tarehe 2 nikiwa na mshahara sisikii hamu hiyo?

#5 Mwalimu wa Maseno

Niongeze kidogo kuhusu mvua yenyewe, maana mnazungumza kana kwamba hunyesha tu saa yoyote. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko ziwa, kwa hiyo upepo hutoka ziwani na kuingia bara. Ukifika kwenye miinuko ya upande wa Nandi na Kericho hewa inapanda, mawingu yanajengeka, na kuanzia alasiri hadi jioni inamwagika. Usiku mambo hugeuka, radi zikahamia juu ya ziwa hadi alfajiri. Wavuvi wanalijua hilo vizuri sana.

Sasa tazameni saa. Hapa kwetu ikweta inapita Maseno kwenyewe, kwa hiyo jua linazama karibu wakati ule ule mwaka mzima, saa kumi na mbili unusu na dakika chache mbele. Mvua inakuja watu wanapotoka kazini, giza linaingia, na tumbo limekaa bila kitu tangu saa saba mchana. Kuna homoni ya njaa inayoitwa ghrelini, wanasayansi wa Japani waliitambua mwaka 1999. Hupanda karibu na saa ambazo mtu amezoea kula. Mvua inakushika veranda saa ile ile homoni imepanda, na badala ya kufika nyumbani saa moja unafika saa tatu. Kwa maoni yangu kinachokutesa ni saa. Mvua inakuchelewesha tu.

#6 Mla Chapo

Mwalimu, mimi hula saa kumi jioni kila siku kwa sababu ya zamu, na bado mvua ya saa moja hunikamata. Homoni yangu haijui ratiba?

#7 Mama Jiko Kondele

Wanangu, mimi ndiye huyo mnayejibanza karibu naye. Nauza mahindi choma, smoki na mayai ya kuchemsha. Niseme ninachokiona kutoka upande wa pili wa jiko.

Mvua ikianza kila mtu anakimbilia veranda, na mimi jiko langu liko hapo hapo chini ya mwavuli. Kabla ya mvua mtu anapita kwa sekunde tatu. Mvua ikinyesha anasimama nusu saa, uso kwa uso na hindi lake. Moshi nao haupandi, unatambaa chini ya mabati na kuwaingia puani. Mahindi niyapake ndimu na pilipili nisiyapake, wote wanatazama. Ninayageuza kwa vidole, punje zinalia, zile za upande mmoja zimeshika rangi ya kahawia na upande wa pili bado ni za manjano, na watu kumi na tano wananitazama mikono yangu. Hakuna anayesema kitu.

Lakini wanunuzi? Wachache mno. Siku kavu nauza kuliko siku ya mvua. Wanaosimama ni wengi, wanaotoa pesa ni wawili, watatu. Kwa hiyo mnapoeleza hamu, elezeni na hili: hamu imejaa veranda nzima, pesa haipo.

Na mvua ina gharama yake kwangu. Makaa yakishika unyevu yanatoa moshi bila moto, nalazimika kutia mengine. Tangu serikali ilipopiga marufuku ukataji miti mwaka 2018 bei ya makaa ilipanda, na hata baada ya marufuku kuondolewa 2023 sijaiona ikirudi ilikokuwa. Smoki nilizotoa kwenye barafu siwezi kuzirudisha. Mayai niliyochemsha lazima yaishe. Ndiyo maana ikifika saa mbili unusu napunguza bei. Yule mwenye 70 aje saa hiyo, nitampa smoki na mayai mawili na kachumbari, ashibe.

#8 Mwana Bondeni

Shikamoo mama. Kumbe bei hushuka saa mbili unusu na sisi tunanunua saa moja! Nakuru wenye mutura hawashushi, wanakukatia kipande kidogo zaidi.

#9 Mama Jiko Kondele

Marahaba mwanangu. Hushuka kama inanyesha tu. Ikiwa kavu usije ukanisumbua.

#10 Fundi wa Lurambi

Mimi niko Kakamega, na hapa mvua hatuihesabu kwa misimu, karibu kila mwezi inanyesha. Kama mvua ingekuwa inaleta hamu ya smoki tungekuwa tumefilisika wote. Nikiwa nyumbani Lurambi, mabati yanalia, smoki haiji akilini kabisa. Nataka uji na kulala. Hamu hunijia nikiwa stendi tu. Kwa hiyo namuunga mkono Mama Jiko: ni harufu. Mtu wa nyumbani hana moshi puani.

#11 Mkaazi wa Milimani

@Fundi wa Lurambi si kweli kwa wote. Nyumbani kwangu Kisumu hakuna kibanda karibu wala moshi, madirisha yamefungwa, na mvua ikianza tu nawaza viazi karai vya pale soko la Kibuye. Niko na chakula jikoni na pesa kwenye simu. Nimewahi kutoka na mwavuli kuvifuata. Kwa hiyo dai la mwenye uzi kwamba ni ukosefu wa pesa nalo halinihusu.

#12 Kijana wa Nyalenda

@Mkaazi wa Milimani wewe ulitoka ukanunua, ikaisha. Mimi naongelea ile hamu inayokaa usiku kucha kwa sababu haikupata jibu. Sioni kama ni kitu kimoja.

#13 Mkemia Mchanga

Kuhusu harufu niseme jambo moja. Mahindi ya kuchemsha hayaiti watu kutoka ng'ambo ya barabara, ya kuchoma yanaita. Sababu ni kwamba maji hayapandi zaidi ya nyuzi 100, lakini juu ya makaa ngozi ya punje inapita 140, na hapo sukari na protini zinaungana na kutengeneza rangi ya kahawia pamoja na mamia ya harufu mpya. Mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza mchakato huo mwaka 1912. Mutura, smoki iliyogeuzwa kwenye bati, chapati yenye madoa, vyote ni kazi hiyo hiyo. Ukisimama nusu saa mbele yake, kama Mama Jiko alivyosema, huwezi kushinda.

Swali langu kwa Fundi wa Lurambi: stendi ya Kakamega unapata hamu ya mahindi ya kuchemsha au ya kuchoma?

#14 Fundi wa Lurambi

Ya kuchoma. Na njugu karanga za moto zile za kwenye karatasi. Ya kuchemsha nanunua nikiwa na njaa, si kwa hamu.

#15 Nyar Obunga

Naona mnazunguka smoki na smoki. Mwenye 70 aje kwetu Obunga, hapa hapa Kisumu. Viwanda vya samaki hukata minofu ya mbuta (sangara) kwa ajili ya kuuza nje, inabaki mifupa yenye kichwa na nyama kati ya mbavu. Akina mama wanainunua, wanaitumbukiza kwenye karai la mafuta hadi inakauka na kuwa kavu kavu, tunaiita mgongo wazi. Kipande kizuri unapata kwa pesa hiyo na ugali unabaki kutafuta. Ukikipata kichwa, una karamu. Nyama ya shavu la mbuta hakuna smoki itakayoifikia.

Mimi nimelelewa na pesa ya karai hilo, karo yote ya sekondari ilitoka humo. Mama alikuwa anarudi na harufu ya mafuta kwenye leso na mvua kwenye miguu. Kwa hiyo mnaposema chakula cha barabarani ni cha kuchezea ulimi, kuna familia zinakula kwa sababu nyinyi mlikula.

#16 Mla Chapo

@Nyar Obunga nimekusikia, na nasimama na mgongo wazi pamoja nawe. Nilichosema ni cha smoki pekee.

#17 Mzee wa Reli

Vijana wangu, kuhusu chapati. Chapati imefika hapa kwetu na Wahindi waliojenga reli. Reli ilifika Kisumu 1901, mji ukiitwa Port Florence, na Wahindi wakabaki wakafungua maduka. Kabla ya hapo huku magharibi chapati haikuwa chakula cha kawaida. Kwa hiyo mkila chapati mbili na maharagwe mvua ikinyesha, mnakula historia ya reli.

#18 Mpwani Ugenini

Shikamoo mzee. Upande wa Kisumu huenda ni hivyo, lakini Kenya haikuanzia relini. Reli ilianza kujengwa Mombasa 1896, na Pwani ilikuwa imefanya biashara na Bara Hindi kwa mamia ya miaka kabla ya hapo kwa majahazi ya kaskazi na kusi. Vyakula vya ngano, vya viungo na vya nazi havikungoja garimoshi. Reli ilivipandisha bara, hilo nakubali.

Na kwa kuwa niko hapa, mahindi ya kuchoma yenye ndimu na pilipili pia ni ya kwetu.

#19 Mama Jiko Kondele

Ndimu ni yangu mwanangu, nilinunua soko la Jubilee asubuhi.

#20 Mwana Bondeni

Huyo mzee amenikumbusha. Kisumu mnajisifu reli, lakini Nakuru ndiko reli inakogawanyika, nyingine kuelekea Eldoret na nyingine kwenu. Na sasa sisi pia ni jiji, tangu 2020.

#21 Mwalimu wa Maseno

2021, tarehe 1 Desemba. Kisumu ilipewa mwaka 2001. Tumekutangulia miaka ishirini, heshima kidogo.

#22 Mwana Bondeni

Miaka ishirini na bado mnajikinga veranda. Haya, turudi kwenye mutura.

#23 Afisa wa Afya Mstaafu

Nimesoma yote na nimefurahi, lakini lazima niseme hili maana nimeliona likiua. Mvua ya Kisumu haimwagi maji safi peke yake. Kwenye Nyalenda na Manyatta mitaro ikifurika, maji ya vyoo yanapanda barabarani. Kipindupindu na homa ya matumbo hupita hapo. Chakula kilichotoka motoni sasa hivi sina shida nacho: hindi, chapati, yai lililo ndani ya ganda lake, mgongo wazi uliotoka karaini. Shida yangu ni kachumbari. Ni mbichi, nyanya na kitunguu vimeoshwa kwa maji ambayo hukuyaona, kisu ni kimoja na ndoo ni moja tangu mchana. Shida ya pili ni smoki iliyokaa vuguvugu. Kati ya nyuzi 5 na 60 wadudu wanazaliana, kwa hiyo iwe baridi kabisa au iwe ya moto kabisa.

Mwenye 70 namshauri mayai mawili na hindi. Yai moja lina kama gramu sita za protini na halijashikwa na mkono wa mtu hadi ulivunje mwenyewe. Na uliza cheti cha afya cha anayekuuzia, si aibu kuuliza.

#24 Mama Jiko Kondele

Afisa, shikamoo. Cheti ninacho, kimefungwa kwenye nailoni na kiko kwenye kikapu, karibu niulize. Maji yangu natoka nayo nyumbani kwenye mtungi wa lita ishirini, yamechemshwa. Kachumbari nakata kidogo kidogo, ikiisha nakata nyingine, sikati beseni zima saa tisa halafu niuze hadi usiku. Smoki ikiwa kwenye bati la jiko inabaki inatoa jasho, mkono hauwezi kuigusa. Lakini unachosema ni kweli kwa wengi, na sisi wenye kujali tunaumia kwa ajili yao. Tukipewa bomba moja la maji karibu na stendi, nusu ya maneno haya yangekwisha.

#25 Afisa wa Afya Mstaafu

Marahaba. Hapo kwenye bomba tuko pamoja kabisa. Nimelisema mikutanoni hadi nikastaafu.

#26 Mtoto wa Bungoma

Niongeze langu. Nyumbani tulikuwa tunapanda mwezi wa tatu, na kuanzia mwezi wa sita mahindi mabichi yako shambani. Huo ndio msimu wenyewe wa mvua ya jioni. Shule ikifungwa, mvua ikianza, bibi anatutuma tukimbie tuchume matano, tunayachoma kwenye mafiga huku mlango umefungwa nusu moshi utoke. Hakuna aliyelipa. Hatukujua kwamba hindi lina bei.

Sasa niko Kisumu, hindi ni sh. 30, na kila mvua inaponyesha mwili unadai kitu ambacho uliwahi kupewa bure. Nadhani ndiyo maana hamu inauma zaidi ukiwa huna pesa. Ukiwa nazo unanunua na husikii tofauti. Ukiwa huna ndipo unajua uko mbali na kwenu.

#27 Nyar Obunga

Hii imenigusa. Kwetu ilikuwa nyoyo, maharagwe yaliyochemshwa na mahindi mabichi, sufuria moja, kila mtu na kijiko.

#28 Mkaazi wa Milimani

Mimi nimezaliwa na kukulia mjini, sikuwahi kuchoma hindi kwenye mafiga, na hamu ninayo. Maelezo ya Bungoma ni mazuri lakini hayanifikii.

#29 Mjengo Kila Siku

Nimesoma kutoka juu hadi hapa na nashangaa hakuna aliyelisema. Mnaongea kana kwamba mvua na ukosefu wa pesa ni vitu viwili vilivyokutana kwa bahati. Si bahati. Mvua ndiyo inayokula pesa.

Mimi ni kibarua wa mjengo. Mvua ikija saa nane mchana, kokoto inasimama, msimamizi anatuambia twende. Siku ya nusu inalipwa nusu. Mara nyingine hailipwi kabisa. Chakula cha mchana tulikuwa tunapanga kula kwa pesa ya jioni, basi hakikuliwa. Halafu natoka barabarani, matatu ya 50 imekuwa 80 kwa sababu inanyesha, tuktuk ya 30 inataka 50. Mama mboga wa karibu na kwangu amefunga mapema. Nafika veranda ya Kondele nikiwa sijala, nimelipwa nusu na nauli imepanda. Hindi liko mbele yangu. Hiyo hamu mnayoitafutia homoni na Mfaransa, kwangu ni hesabu ya siku nzima.

Mwenye uzi anasema tarehe 2 hasikii. Ana mshahara. Kwa sisi wa kulipwa kila jioni, kila siku ya mvua ni mwisho wa mwezi ambao mshahara haujaingia.

#30 Mwalimu wa Maseno

Hoja nzito. Inaeleza pia kwa nini Mama Jiko anaona veranda imejaa na wanunuzi ni watatu.

#31 Mama Jiko Kondele

Ni kweli kabisa. Wale wa mjengo nawajua kwa saruji kwenye viatu. Siku kavu hununua wawili wawili.

#32 Boda wa Mamboleo

Kwa wengine ndiyo, kwa wengine hapana. Mvua ikinyesha mimi bei napandisha, asiyetaka kulowa analipa. Jioni ya mvua ndiyo nina pesa kuliko jioni zote. Na hamu ninayo pia, tena kubwa. Nikimshusha abiria wa mwisho, nguo zimenishika mwilini, naenda moja kwa moja kwa supu ya mifupa na chapati. Kwa hiyo Mjengo, hesabu yako haifafanui yangu. Mimi ni baridi tu, kama alivyosema huyo wa Nakuru.

#33 Mwana Bondeni

Asante Boda. Nilisema mapema, namba 3, mkanipita.

#34 Mkemia Mchanga

Boda analowa kabisa, sisi wa veranda tumekauka. Joto la usiku Kisumu kwa wastani linashuka hadi nyuzi 17 au 18 tu. Mtu aliyekauka hapati baridi ya kudai mafuta. Labda tuna makundi mawili hapa.

#35 Mjengo Kila Siku

Makundi ni mengi. Ila mwenye kibarua asisahauliwe ndani ya hayo makundi.

#36 Shemeji wa Busia

Habari zenu. Huku mpakani 70 haitushindi. Rolex kutoka ng'ambo, Uganda, chapati moto imekunjiwa mayai na nyanya na kabeji, ni mlo kamili. Kisumu nimeziona zinauzwa lakini mayai wanapima kama dawa.

#37 Kijana wa Nyalenda

Shemeji, 70 ya huku inapata rolex ya yai moja na majirani wawili wakitazama.

Swali jingine limejitokeza. Pesa yangu ikiwa kwenye simu na si sarafu, na ni hiyo 70, mama wa kibanda akitaka kulipwa kwa simu sitakatwa? Nilikuwa nakwenda kwa ajenti kutoa kwanza.

#38 Mla Chapo

Kutuma unakatwa, bora utoe.

#39 Mhudumu wa M-Pesa

@Mla Chapo hapana, ni kinyume. Kutuma kuanzia shilingi 1 hadi 100 kwa mtu ni bure. Kutoa ndiko kunakatwa, ukitoa kati ya 50 na 100 unakatwa 11. Na chini ya 50 ajenti hawezi kukutolea. Kwa hiyo mwenye 70 akienda kwa ajenti anabaki hata 60 hana, lakini akimtumia muuzaji moja kwa moja 70 inafika nzima. Kwa mtu wa 70, hiyo 11 ni nusu ya yai. Nawaambia watu kila siku kwenye dirisha langu, hata kama napoteza kamisheni.

#40 Nyar Obunga

Mungu akubariki. Wengi wanakatwa bila kujua.

#41 Mjengo Kila Siku

Hii ni ya maana kuliko kurasa zote. Mimi nilikuwa natoa.

#42 Mwana Bondeni

Je, kuna anayejua kama mutura ya Free Area hapa Nakuru bado ipo baada ya saa tatu usiku mvua ikinyesha? Nina mgeni kutoka Kisumu anakuja Ijumaa, nataka aone kitu.

#43 Mtoto wa Bungoma

Ipo, lakini ya mwisho mwisho imekauka. Mpeleke saa moja. Na mwambie abebe sweta.

#44 Fundi wa Lurambi

Mwenye uzi, umeshapata jibu? Tuna baridi, saa, harufu, nyumbani, kibarua, na lako la mfuko.

#45 Kijana wa Nyalenda

Sijashawishika kuacha langu, ila la Mjengo limenisumbua, na la Bungoma vilevile. Mkaazi wa Milimani naye anazivuruga hoja zote pamoja na yangu. Wacha uzi ukae wazi, wengine waje.

Mama Jiko, nina swali la mwisho kwako. Jioni ya mvua, mtu hana hata hiyo 70, unampa deni?

#46 Mama Jiko Kondele

Nampa ninayemjua jina na plot anayokaa. Hindi moja au mayai mawili, smoki sikopeshi kwa sababu nami nimezikopa. Wale wa mjengo wanaolipwa kwa wiki nawapa hadi Jumamosi, maana ndiyo siku yao ya kulipwa. Asiyelipa simfuati, ila mvua inayofuata ajue veranda ni ndogo na mimi ninamwona. Kesho niko hapo kuanzia saa kumi na moja jioni. Jumapili nitafuteni Kibuye, upande wa viatu vya mitumba.